Barua kwa mwanangu: kuhusu Ellen White na wanaompinga

Mwanangu,

Salamu kutoka Mamba, huku kwetu Upare. Tangawizi tumeshaichimba, mama yako magoti bado yanamsumbua lakini hajambo. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, nikauacha siku tatu. Uliniuliza jambo moja tu kuhusu yule mama mwandishi ambaye kanisa letu la Waadventista Wasabato linamhesabu kuwa nabii: "Baba, ulijua kwamba Ellen White alinakili vitabu vya watu?"

Nilijua. Nilijua kabla hujazaliwa, na sikukuambia. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekwepa.

Unaukumbuka ule mkoba wa ngozi ulioning'inia nyuma ya mlango wa stoo? Nilitembea nao miaka 11 nikiuza vitabu vya mama huyo, Hedaru, Makanya, Mwembe, na kote milimani. Siku moja Mwembe mvua ilinikamata, mwalimu mstaafu wa Kilutheri akaniita barazani, akanipa chai na magimbi. Nikamtolea Tumaini la Vizazi Vyote. Akaingia ndani, akarudi na karatasi za fotokopi. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili: kushoto maneno ya Ellen White, kulia maneno ya William Hanna, mchungaji wa Uskoti aliyeandika maisha ya Yesu kabla yake. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, unajua, lakini nilipitisha kidole mstari kwa mstari na hapakuhitaji Kiingereza kingi. Mzee akasema, "Sitaki tubishane. Niambie tu unaona nini." Chai ikapoa. Kitabu hakukinunua.

Nikawapelekea wazee wa kanisa nilipokuwa nikisali wakati ule. Wakaniambia hizo ni karatasi za waasi, nisizisome tena. Miezi mitatu mizima sikupewa darasa la kufundisha Biblia kwenye Shule ya Sabato. Nikanyamaza, nikaendelea kuuza. Hilo ndilo ninalolionea haya, si karatasi za mwalimu.

Sasa nikwambie ninavyomfahamu mwenyewe, maana hao unaowasikiliza wanaanzia kwenye makosa yake. Alizaliwa Gorham, Maine, mwaka 1827, pacha na dada yake Elizabeth. Alipokuwa na miaka 9 msichana mwenzake alimpiga jiwe usoni, akazimia wiki tatu. Mkono ukawa unamtetemeka asiweze kuandika, shule ikaishia pale. Nyumba yao ilimwamini mhubiri William Miller, aliyetangaza kwamba Yesu yu karibu kurudi, wakamngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Hakuja. Desemba ileile, binti ana miaka 17, ndipo alipopata ono la kwanza.

Kuna madaktari waliosema maono yale ni kifafa kilichotokana na lile jiwe. Siwezi kuwajibu, mimi si daktari. Ninachokiona ni kwamba binti aliyeshindwa kushika kalamu alikuja kuandika mpaka alipofariki mwaka 1915, akiwa na miaka 87. Kati ya wavulana wake 4 alizika 2, Herbert akiwa mchanga na Henry akiwa na miaka 16. Mumewe James alitangulia mwaka 1881. Baada ya hapo akaenda Ulaya, kisha Australia miaka 9. Wamisionari wa Kijerumani walipofika huku Upare mwaka 1903 alikuwa hai bado. Huwa nalifikiria hilo nikipita Giti, walikoanzia kazi.

Wapinzani wake wengi walitoka ndani ya kanisa lake mwenyewe. Dudley Canright alikuwa mchungaji wetu zaidi ya miaka 20, akatoka mwaka 1887, na karibu kila hoja unayoisikia leo yeye aliiandika kwanza. Alisema Ellen alifundisha kwamba mlango wa rehema umefungwa tangu 1844, yaani waliokataa ujumbe ule hawawezi tena kuokoka. Mama mwenyewe alikiri baadaye kwamba kwa muda, pamoja na wenzake, aliamini hivyo. Fannie Bolton, aliyekuwa akimsaidia kuandika, alilalamika kwamba kazi yao wasaidizi haitajwi. Halafu kuna chaza, wale wa baharini wenye gamba, ambao sisi tunawahesabu najisi. Nacheka nikikumbuka. Mwaka 1863 alionyeshwa habari za chakula bora, na mwaka 1882 akamwandikia mkwewe amnunulie chaza. Nyama yenyewe aliiacha kabisa Australia, mwaka 1894. Mimi chaza hawajanisumbua hata kidogo. Mama yako naye alikatazwa chumvi, na unajua anachoficha kwenye kabati.

La kunakili ni zito zaidi. Mchungaji Walter Rea alilitolea kitabu mwaka 1982, kikatikisa watu. Lakini kanisa lenyewe lilimpa kazi msomi wetu, Fred Veltman, akachambua sura 15 za kitabu kilekile nilichomtolea mwalimu. Alichukua miaka 8. Mwaka 1988 akatoa jibu: karibu asilimia 31 ya sentensi zinategemea waandishi wengine kwa namna fulani. Tena kwenye kile cha Pambano Kuu, dibaji ya 1888 inasema wazi kwamba maneno ya wanahistoria yametumika bila kuwataja kila mahali, na toleo la 1911 likaongeza majina yao.

Kwa hiyo waliokuwa juu walijua. Mimi niliyekuwa nikipanda milima na mkoba ndiye sikuambiwa. Angeniambia mtu mapema kwamba mama huyu alisoma sana, akachota kwa wengine, akapanga upya kwa moto wake mwenyewe, ningeuza vitabu vilevile na yule mwalimu ningemjibu. Yeye aliandika mwaka 1903 kwamba kazi yake ni nuru ndogo ya kuwaongoza watu kwenye nuru kubwa, yaani Biblia. Sisi ndio tuliomgeuza jua.

Usiniulize kama bado namwamini. Kitabu chake cha Njia Salama nakisoma kila alfajiri, na nimekutumia nakala yangu kwa mtu wa basi. Usishangae mistari ya penseli, mingine niliipiga nikiwa na hasira. Wewe nitumie hayo uliyoyasoma ya wapinzani, yote, hata yale makali. Uyachape kwa herufi kubwa, miwani yangu imevunjika mkono mmoja nimeufunga kwa uzi.

Baba yako