Mwache mtoto akimbie

Bukavu, Jumatano jioni

Dada yangu mpendwa,

Jambo sana, na salamu kwa wote hapo Goma. Sisi huku Kadutu tuko wazima, ni matope ya mvua tu yanayotuchosha.

Umeniandikia kwamba shemeji zako wamemkataza binti yako kukimbia asubuhi, eti msichana wa mbio hapati mume. Usiku ule sikulala. Maneno ya namna hiyo ndiyo aliyoyasikia tangu utotoni Tegla Loroupe, mkimbiaji wa marathoni, kule Pokot Magharibi, Kenya. Papa yake alikuwa na wake kadhaa na watoto wengi, na katika ukoo mzima ni mama yake tu aliyesema mtoto akimbie. Shule ilikuwa mbali, kilometa 10, akizikimbia miguu peku. Hata wakubwa wa riadha walimwona mdogo mno, mwembamba mno.

Mdogo huyo akashinda marathoni ya New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuishinda. Mwaka uliofuata alifiwa na dada yake muda mfupi kabla ya mbio. Alikimbia na msiba wake, akashinda tena. Halafu Rotterdam, 1998: saa 2, dakika 20, sekunde 47. Rekodi ya dunia ya wanawake iliyokaa miaka 13 ikavunjika! Mwaka 1999, Berlin, akaikata sekunde 4 nyingine.

Lakini mimi nampendea hasa yale ya baadaye. Aliwaita Wapokot na Waturkana, watu walioibiana ng'ombe na kuuana, wakimbie pamoja. Na mwaka 2016 akaongoza timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, wanamichezo 10. Wawili wao, Popole Misenga na Yolande Mabika wa judo, ni watoto wa Bukavu hii yetu, dada! Vita iliwatenganisha na jamaa zao wakiwa wadogo. Popole alipomshinda mpinzani wake wa India, nililia. Na aliyewatangulia watoto wetu pale ni yule msichana aliyekatazwa mbio.

Wasomee shemeji zako barua hii, na mtoto awepo.

Ninamtumia viatu. Vimeshavaliwa, lakini soli bado nzima. Jirani yangu anapanda boti kesho, atakuletea mkononi. Vikimbana, niambie namba yake kabla ya Jumapili, nirudi sokoni.

Rafiki yako wa siku zote