Kwa nini kucheza muziki ni chini tu, ghorofani hapana

Jamani meseji ni nyingi, wote mnauliza mbona kwenye hili jumba letu la harusi ukumbi wa juu ndo mzuri, una madirisha marefu na ile dari, halafu tunawaambia dansi ni chini? Wengine wanahisi tunabania tu. Wala.

Hili jumba lilijengwa watu waishi, sio kama ukumbi. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida inapigiwa hesabu ya kilo kama 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba, ukumbi wa mikusanyiko unaenda 400 mpaka 500. Wageni wakikaa wanakula hakuna shida, meza zinawatawanya. Shida ni dijei akiweka ule wimbo, wote wanajaa katikati na kuruka kwa mdundo mmoja, na mzigo unaoruka unakandamiza kuliko uliotulia, boriti ndefu za mbao nazo zikipata mdundo unaoziendea zinazidi kunesa tu. Na sio mbao peke yake, daraja la Millennium kule London lilifunguliwa Juni 2000 likafungwa baada ya siku 2 kwa kuyumba, na hao walikuwa wanatembea tu! Lilirudi 2002.

Halafu chini yake ndo mgahawa. Dari ni plasta ya chokaa iliyong'ang'ania vipande vyembamba vya mbao, ikitikiswa inaachia kidogokidogo, unakuta vumbi jeupe kwenye kitambaa cha meza kabla hujaona ufa wowote.

Mtasema wenye nyumba wa zamani mbona walicheza humo. Sawa, ila boriti zao zilikuwa nzima, baadaye kila fundi bomba na fundi umeme katoboa la kwake. Kuongeza vyuma inawezekana, ila mpaka tubomoe hiyo dari ya mgahawa, na hiyo nayo mnakuja kuipigia picha.

Kwahiyo juu ni viapo, chakula, hotuba, picha, hata maharusi wawili wakicheza peke yao poa kabisa. Keki kubwa na madeli ya vinywaji yanakaa pembeni, kwenye ukuta uliobeba boriti. Watu wa mapambo wakitaka kujua ni upi wainame waangalie mistari ya misumari sakafuni, boriti zinapita hapo hapo, na ukuta unaozibeba ni ule mistari inapoishia.

Ngazi ni nyembamba, wenye magauni marefu tunawatanguliza, na MC aambiwe mapema asije akafungua muziki nusu ya wageni wako bado juu.