Risala ya Wanachuo Wagawa Ruzuku kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na wakufunzi wetu,
Waheshimiwa madiwani na watendaji wa kata,
Mama zetu na ndugu zetu wa vikundi,
Wanachuo wenzetu,

Shikamooni wakubwa wetu, na kwa wengine habari za mchana.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kwenye hafla ndogo ya wanachuo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanachuo wa mwaka wa pili wa maendeleo ya jamii. Tumezoea kuwa waombaji: tunaomba mkopo, tunaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, tunaomba kuongezewa siku za kulipa ada. Muhula huu sisi ndio tulioombwa. Chuo kilitukabidhi mfuko, kikatuambia tutangaze, tupokee maombi, tukague na tuamue wenyewe nani apewe. Mkufunzi wetu alihudhuria vikao vyote na hakupiga kura hata mara moja, jambo lililotutesa kuliko mtihani.

Utaratibu huu hatukuubuni. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Northern Kentucky kimekuwa kikiwapa wanafunzi fedha za kugawa kwa mashirika ya jirani tangu mwaka 2000, na kazi hiyo ni sehemu ya masomo. Marehemu Doris Buffett, aliyefariki mwaka 2020, dada wa tajiri Warren Buffett, alifadhili madarasa ya namna hiyo katika vyuo mbalimbali, dola 10,000 kwa darasa. Sisi hatuna Buffett. Tuna shilingi milioni tatu, zilizotokana na michango ya waliosoma hapa kabla yetu, bonanza la mpira, na vitumbua vilivyouzwa getini na wanachuo ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kukoroga unga.

Matangazo tuliyabandika kwenye ofisi za kata. Maombi yakaja, mengine yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mengine yamechapwa steshenari, yana jalada la plastiki na picha za rangi. Hapo mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi wa Katonga, akasema fomu yetu imesahau swali. Akataka kila kikundi kieleze kiliishije ziwa lilipofungwa.

Wenyeji hawahitaji kukumbushwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Hakuna mtihani uliowahi kupima vikundi vya mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, kama miezi ile mitatu.

Andiko zuri kuliko yote halikuwa na jibu. Tulipokwenda kwenye anwani iliyoandikwa, tulikuta mlango una kufuli, na jirani akatuuliza sisi kama tunajua mwenye ofisi yuko wapi.

Kwenye mwalo wa Kibirizi mambo yalikuwa tofauti. Akina mama wakaushaji wa dagaa walitutolea sanduku lao la akiba, la chuma, lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu, na anayelala na sanduku ni wa nne, asiye na ufunguo wowote. Mhazini akafungua daftari lenye safu za hisa, mfuko wa jamii na faini za uchelewaji. Kurasa za Juni na Julai 2024 hazina hisa hata moja. Lakini si tupu. Kuna mikopo midogo ya kununulia mawese ya kuuza rejareja, na marejesho yake, mengine ya shilingi mia tano. Hawakuvunja sanduku wakagawana akiba. Tulipomuuliza kwa nini hayo hakuyaandika kwenye ombi, alisema fomu yetu ilikuwa na mistari miwili tu.

Ombi lao lilikuwa mbao, misumari na nyavu za kutengenezea chanja. Dagaa wakianikwa chini hushika mchanga, na mvua ikinyesha ghafla hawaokoleki. Mnunuzi akitafuna mchanga, bei inaanguka pale pale. Tumewapa walichoomba, na tumepanga kuwatembelea nyakati za mbalamwezi, maana kukiwa na giza vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinatoka, na asubuhi yake hakuna mama mwenye muda wa kuongea na mwanachuo.

Ruzuku ya pili ni ya vijana wenye kitalu cha miche ya michikichi, ya tatu ni ya wazazi wanaolea pamoja watoto wenye ulemavu. Hawa tuliwakubali bila ubishi mkubwa.

Ubishi ulikuwa kwingine. Wapo waliotaka kila mwombaji apate kidogo, kama nyama ya sadaka, ili asinune mtu. Kikao kilifika saa nne za usiku. Tena ikagundulika kuwa mmoja wa waombaji ni shangazi wa mjumbe wetu. Mjumbe akatolewa nje, kura ikapigwa, kikundi cha shangazi kikakosa. Tunavyosoma risala hii, shangazi bado hajamsemesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala nyingi huishia kwenye maombi, na sisi hatutavunja desturi. Halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunaomba wawakilishi wetu wakaribishwe kwenye vikao vya kuchambua maombi hayo, wakae nyuma, wasikilize. Pili, maafisa maendeleo ya jamii wa kata watupatie orodha ya vikundi vilivyo hai. Iliyopo sasa ina vikundi ambavyo vilishagawana sanduku na kuachana. Tatu, nauli. Kwenda Mwanga, hapa hapa mjini, si taabu, lakini mwakani tunataka kupokea maombi ya wilaya za Buhigwe na Uvinza, na ruzuku isiyokaguliwa hatutaki kuitoa.

Kuhusu kutunisha mfuko, hilo tunakuachia, Mheshimiwa. Bahasha ipo mezani.

Sasa tunakuomba uwakabidhi akina mama wa Kibirizi hundi yao kwanza, kwa sababu wana dagaa juani.

Tunaomba kuwasilisha.