Wakili wa shetani hakujificha

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya Jumapili alianza makala yake kuhusu pendekezo la kupandisha ushuru wa dagaa kwa kusema, "Leo niwe wakili wa shetani kidogo," yaani atetee hoja ili kuchokoza mjadala tu. Akalitetea pendekezo hilo aya nne nzima, na hadi nukta ya mwisho hatukujua kama analitaka au halitaki. Kiswahili chake kitamu, sina ugomvi nacho. Ila amemwonea huyo wakili.

Wakili wa shetani alikuwa ofisa wa kweli wa Kanisa Katoliki. Papa Sixtus V alikirasimisha cheo chake mwaka 1587. Mtu alipopendekezwa kuwa mtakatifu, wakili huyu alitakiwa kuchimbua kasoro: muujiza wenye shaka, mashahidi wanaopingana, maandishi ya marehemu yasiyopendeza. Pingamizi zake ziliandikwa, na upande wa pili ulilazimika kuzijibu. Papa Yohane Paulo II aliipunguza sana kazi hiyo mwaka 1983, lakini wapinzani hawakufungiwa mlango. Mwandishi Christopher Hitchens, aliyempinga Mama Teresa kwa kitabu kizima, aliitwa atoe hoja zake kabla mama huyo hajatangazwa mwenye heri, hatua ya kabla ya utakatifu, mwaka 2003. Sisi wa Musoma mambo haya tunayafuatilia, maana mchakato wa kumtangaza Mwalimu Nyerere mtakatifu ulianzia jimboni kwetu.

Kwa hiyo kila mtu alijua wakili yule kasimama wapi na katumwa na nani. Wa siku hizi husema la moyoni, ukimbana anadai alikuwa anachokoza mjadala tu.

Ugonjwa huu umefika hata kwenye kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho mimi ni katibu wake. Tulipojadili kununua mashine ya kukoboa, binti mmoja msomi aliandika WhatsApp: "IMHO tununue. OTOH umeme ghali. YMMV." Mweka hazina wetu, bibi wa watu, akauliza OTOH ni benki ya wapi. Ikabidi binti afafanue: la kwanza ni kwa maoni yangu ya unyenyekevu, la pili ni kwa upande mwingine. La tatu lilitokana na matangazo ya magari Marekani, yaliyotahadharisha kwamba gari lako huenda likala mafuta tofauti na vipimo vilivyotajwa, yaani kwako mambo huenda yakawa tofauti. Mashine yenyewe ya umeme, jamani!

Nikamuuliza, "Mwanangu, kura yako iandikwe wapi?" Akajibu kuwa yeye anapima tu. Haya, kupima ni vizuri, lakini mizani ikishatulia mteja husomewa kilo.

Namwomba mwandishi wenu Jumapili ijayo atuandikie sentensi moja: ushuru wa dagaa upandishwe au ubaki ulivyo? Akitaka upandishwe, aseme hivyo hivyo, na wachuuzi wa dagaa wa mwaloni watamjibu kwa barua zao.

Katibu wa kikundi,
Musoma