Na yeye ana haki ya kutolewa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari ya siku ya michezo jumuishi mliyoipamba kwa picha kubwa. Bila shaka unaikumbuka: mtoto kwenye kiti cha magurudumu, gongo mkononi, mwalimu kapiga magoti nyuma yake na kamshika mikono yote miwili. Mwandishi wenu akatueleza kwamba mtoto aliupiga mpira, akasukumwa kuzunguka uwanja mzima, "huku wenzake wakishangilia".

Wenzake gani? Wale waliokuwa uwanjani si ndio timu pinzani? Tangu lini wadakaji wakasimama kumpigia makofi mpigaji badala ya kuufukuza mpira ili wamtoe mchezoni kabla hajafika? (Tena mchezo wenyewe mmeuita kriketi. Kriketi ina wiketi, zile nguzo tatu nyuma ya mpigaji. Mimi kwenye picha naona vigingi vinne vya kuzunguka. Hilo nalisamehe.)

Naandika kwa uchungu kwa sababu dhambi hiyo nimeitenda mwenyewe. Nilifundisha michezo shuleni miaka 26, na mwaka mmoja darasani kwangu kulikuwa na msichana wa miaka 10 mwenye mtindio wa ubongo. Alitembelea magongo mawili, na mwenyewe alikuwa akitutania kwamba lile la kuchezea ni gongo lake la tatu. Lakini hakuwa amelishika. Muhula mzima nilikuwa nimempa kiti, kalamu na daftari la alama. Ndicho cheo tunachowapa watoto hawa tukitaka kujisikia wema: mtunza alama, mshika filimbi, mlinzi wa chupa za maji. Aliandika vizuri sana. Siku moja akanirudishia daftari na kusema anataka kupiga.

Nikafurahi, na katika furaha yangu nikafanya upumbavu. Niliwavuta pembeni wadakaji nikawanong'oneza: mkiupata mpira, uangusheni. Msichana akapiga, mpira ukaenda hatua tatu hivi, naye akaanza safari. Hapo ndipo sinema ilipoanza. Mmoja akaudaka mpira na kuutupa nyuma yake. Wa pili akaupiga teke kama bahati mbaya. Wa tatu, ambaye naamini aliishia kuwa mwigizaji, alianguka chali kana kwamba amepigwa radi. Mimi napiga kelele, kimbia mwanangu, kimbia! Alipokipita kigingi cha pili akasimama, akageuka, akawatazama wale waigizaji mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "mbona mimi sitoki?" Sikuwa na jibu. Akakaa chini pale pale, akalaza magongo yake pembeni, akagoma. Nikabembeleza, wenzake wakabembeleza, akakataa katakata. Kengele ilitukuta hivyo, yeye chini na mimi nimesimama juu yake na filimbi shingoni kama mtu aliyevishwa kengele ya mbuzi.

Kurekebisha hakukuhitaji fedha wala mtaalamu, kulihitaji wiki kadhaa za kujaribu na kukosea. Mpira unaorushwa ulikuwa unamkimbia, basi tukauweka mpira mkubwa wa sponji juu ya koni ndefu, usawa wa kiuno chake, utulie. Gongo la mviringo likabadilishwa kibao kipana chepesi, anachoweza kukizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine umeegemea. Akishapiga anaokota gongo lake la kutembelea na kwenda kigingi kimoja na kurudi, si vyote vinne. Na wadakaji wakapewa kazi ya kweli: atakayeupata mpira anasimama hapo hapo, wenzake wote wanakimbia kujipanga mstari nyuma yake, mpira unapitishwa juu ya vichwa kutoka mkono hadi mkono, na wa mwisho akiushika anapaza sauti "simama!" Asipokuwa amefika, ametoka.

Kazi kubwa ilikuwa kile kigingi. Nilikisogeza hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, siku baada ya siku, mpaka ikawa hakuna mtu uwanjani, hata mimi, anayejua kama atafika au hatafika. Siku aliyotolewa mara ya kwanza alinibishia dakika tano nzima kwamba yule wa mwisho alikuwa hajaushika mpira kwa mikono miwili. Alifoka mpaka mate yakamtoka. Hakuna siku nyingine niliyofurahia kazi yangu namna ile.

Nikajifunza na jingine. Nilipoanza kutandika chini mipira mitatu na magongo matatu ya ukubwa tofauti na kumwambia kila mtoto achague, mvulana mmoja mwenye miguu mizima na macho mazima, ambaye kila kipindi cha michezo alikuwa akiumwa tumbo, akachukua ule wa sponji. Kumbe tumbo lilikuwa ule mpira mgumu. Naye bingwa wetu, aliyezoea kuupeleka mpira nje ya uzio, nikamwambia apige kwa mkono wa kushoto. Alilalamika. Wiki ya pili alikuwa mtu wa kawaida kama sisi.

Wasioona walilijua jambo hili zamani. Kriketi yao ilianza mwaka 1922 kule Melbourne, wafanyakazi wawili wa kiwandani walipotia mawe ndani ya kopo wakapata mpira wenye sauti. Leo mrushaji humwuliza kwanza mpigaji kama yuko tayari, halafu huurusha mpira kutoka chini ili udunde angalau mara mbili njiani, na mikimbio, yaani pointi, ya mchezaji asiyeona kabisa huhesabiwa mara mbili. Kombe lao la Dunia la kwanza lilichezwa New Delhi mwaka 1998. Marekani wana besiboli ya mpira unaolia, ambapo mrushaji anaona na yuko timu moja na mpigaji, kwa kuwa nia yake ni mpira ulifikie gongo. Lakini mdakaji akiudhibiti mpira kabla mpigaji hajafika kwenye kituo kinachovuma, hakuna cha huruma: nje! Sheria zimebadilishwa kila mahali isipokuwa hapo. Hakuna aliyeagizwa kuuangusha mpira.

Halafu kuna hili la ratiba, maana nikiacha kulisema leo sitaandika tena. Kipindi cha michezo ndicho kila mwalimu anachokikopa bila kukirudisha. Mitihani ikikaribia, anakichukua wa hisabati. Ikishapita, kinachukuliwa kiwe cha kusahihishia mitihani. Vifaa vipya vimo stoo, bado vimefungwa nailoni, na ufunguo anao mtu aliyehamishwa. Lakini linalonikera hasa ni kwamba mtoto mwenye ulemavu akihitaji masomo ya ziada, au mazoezi ya viungo, au kuonana na mshauri, anatolewa darasani saa gani? Saa ya michezo! Hatolewi kwenye hisabati. Eti ni kwa sababu "hata hivyo yeye hachezi". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 30, unataka watoto hawa wapate fursa sawa na wenzao kwenye michezo, na umetaja mahsusi michezo ya shuleni. Nilipomsomea mkuu wangu mmoja kifungu hicho aliniambia tutakiweka kwenye ubao wa matangazo. Kikawekwa, chini ya orodha ya zamu za usafi.

Kwa kuwa barua za namna hii hutakiwa ziwe na pendekezo, langu hili hapa. Kila shule imtafute mtoto wake mwenye mbio kuliko wote, yule wa mita 100, apewe kiti, kalamu na daftari la alama kwa muhula mmoja mzima. Apigwe picha akitabasamu. Aambiwe kwamba kazi yake ni muhimu sana, kwamba timu haiwezi kuenda bila yeye. Wiki ya tatu wazazi wake watakuwa ofisini, na hapo ndipo pa kuanzia kikao.

Na ninyi mkituma tena mwandishi kwenye siku kama ile, mwambieni asiondoke uwanjani mpaka amepata majibu ya maswali mawili: mtoto yule alipata pointi ngapi, na alitolewa na nani. Jina la aliyemtoa liandikwe.

Mwalimu wa michezo mstaafu