Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya: Waambieni vijana wetu kura ya maoni si kura

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka Likoni. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini juzi jioni, hapa ninapouza viazi karai kando ya steji ya bodaboda, nilimsikia kijana akiwaambia wenzake hana haja ya kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa 2027. Ati kwenye simu yake wenye kura za maoni, hizi tafiti za kuuliza watu watamchagua nani, wameshaandika nani anaongoza na kwa asilimia ngapi. Wenzake wakaitikia. Viazi viliungua nikimtazama.

Maneno hayo niliyasikia nyumbani kwangu. Mwaka 2022 mwanangu alikuwa na miaka 19 na kadi yake ya kura. Wiki za mwisho, tafiti nyingi zilizotangazwa zilimweka Raila mbele katika urais, naye ndiye aliyempenda. Akaniambia, "Mama, huyu keshapita, mimi nikapange foleni ya nini?" Tarehe 9 Agosti akalala hadi adhuhuri. Matokeo yakatangazwa: Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Kura 233,211 tu baina yao, nchi nzima! Sikumlilia mgombea, Mheshimiwa. Nililia kwa ile kadi. Kura ya ugavana hapa Mombasa ilipofanywa tarehe 29 Agosti, baada ya kuahirishwa, hakwenda pia. Moyo ulikuwa umeshavunjika.

Mwaka huo waliojitokeza nchini walikuwa kama asilimia 65, ilhali 2017 walikaribia 80. Sisemi ni tafiti peke yake. Njaa ipo, na wanasiasa wamewachosha vijana. Lakini kijana akiambiwa kila jioni mambo yamekwisha, nadhani wa upande unaoongoza hulala kwa raha, na wa upande wa pili hulala kwa kukata tamaa.

Sheria ya mwaka 2012 ipo. Anayetangaza utafiti aseme nani aliulipia, watu wangapi waliulizwa na lini, na siku tano za mwisho asitangaze kabisa. Redio ninayosikiliza mimi ilitaja asilimia, basi. Nani aliyelipa? Hatukuambiwa.

Katiba, kifungu cha 88, imeikabidhi tume yako elimu ya mpiga kura. Njooni stejini, sokoni, kwenye kivuko, msingoje wiki ya mwisho. Waambieni watoto wetu kwamba watu elfu mbili walioulizwa kwa simu hawajawapigia wao kura. Waambieni kwa Kiswahili, waambieni tena, kabla ya tarehe 10 Agosti 2027. Mwanangu atakuwa na miaka 24. Nakuomba hilo moja, Mheshimiwa: waambieni.

Mama muuza viazi, Likoni