Wanaokataa kudodoswa wana sababu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni balozi wa nyumba kumi huku Kiwangwa, Bagamoyo. Wanapokuja wadodosaji wa afya, wale wanaokusanya takwimu za utafiti, ndiye ninayewapitisha kaya kwa kaya. Wakikataliwa huandika "amekataa" na kusonga mbele. Inaniuma kwamba hawaulizi kwa nini.

Jirani yangu mmoja alimficha mjukuu wake chumbani. Si mkaidi mama yule. Safari iliyopita mtoto huyo alitobolewa kidole, tone moja likaenda kwenye kipimo cha malaria, jibu likatoka palepale. Tone la pili likadondoshwa kwenye karatasi nyeupe, ikaanikwa, ikatiwa kwenye mfuko, ikaondoka. Hadi leo haijarudi na neno. Na sisi watu wa pwani tumekua tukisikia habari za mumiani, wanyonya damu za watu.

Tena wanakuja msimu wa mananasi, asubuhi, watu wako shamba. Anayekutwa ni mke wa mwana, na kijana wa kiume anamuuliza mara ya mwisho alilala na mumewe lini, mama mkwe yuko hapo hapo anapepeta mchele. Atajibu nini?

Takwimu hizi nazitaka. Utafiti wa taifa wa 2022 ulipima watoto wadogo malaria na upungufu wa damu, mambo yanayotusumbua kweli. Lakini matokeo yaletwe kijijini, yasomwe kwenye mkutano kwa Kiswahili cha kueleweka. Wanawake waulizwe na wanawake, faraghani. Na waje jioni.

Balozi wa nyumba kumi,
Kiwangwa, Bagamoyo